Kaa

Daktari wa meno aliondoka Wete kwa boti ya Jumanne.
Aliniachia ufunguo wa geti, ndoo mbili za rangi,
na ndani ya boksi la maziwa ya unga
mshahara wangu wa mwezi wa mwisho:
una masikio, una kucha, unatetemeka.

"Mbegu ya kizungu," alisema. "Hatozidi hapa."
Akaonesha chini ya goti.
Hakuniambia kwamba kifuani mwake
imefungwa mashine ya kusaga.

Nikamwita Kidonge.

Mke wangu Bimize alisimama mlangoni, upawa mkononi:
"Shaame, hiyo haipiti kizingiti hiki."
Haikupita. Ilipewa banda la kuku
waliokwisha kwa kideri mwaka jana,
nami nikawekwa katikati, mimi na ndoo yangu,
mara saba, moja kwa udongo, kila aliponilamba.
Wiki ile ya kwanza mikono ilinichubuka
kama ndimi iliyokwanguliwa.

Siku ya tatu alikula kandambili ya kushoto.
Siku ya tano, kwa uadilifu, ya kulia.
Usiku, mimi mlinzi wa miaka kumi na tisa
nikawa mlindwa: nikifumba jicho tu
anabwekea panya, anabwekea mwezi,
anabwekea jani la mpapai lililoanguka
na kimya kilichofuata baada ya jani.

Nikaanza na neno moja.
"Kaa," nikamwambia.
Akateremka mbio mpaka kwenye mikoko,
akarudi na kaa. Au kaa alirudi naye,
maana gando lilikuwa limembana pua
na analia njia nzima.
Sikumlaumu. Lugha ndiyo iliyotukosea sote wawili.

"Kaa," tena, kichwa cha dagaa kidoleni.
Akakaa, akala, akasimama
kabla makalio hayajajua kuwa yamekaa.
Hamsini asubuhi, hamsini alasiri.
Watoto wa skuli wakipita uchochoroni
wakawa wanakaa wao.

Kisha ukaja msimu.
Bi Time alitandaza majamvi manne,
karafuu za miezi yote ya kupanda na kuchambua,
na jogoo la Mbarouk likapita.
Kidonge hakuona karafuu. Aliona jogoo.
Jamvi la kwanza, la pili, la tatu,
la nne akalibingirikia kwa furaha, mgongo chini.

Bi Time hakutukana.
Alijifunga kitambaa mkononi, akaokota
moja moja, mpaka jua likamkimbia.
Bora angetukana.

Nikakata fimbo ya mpera.
Yule akalala chali, akanipa tumbo,
mkia ukifagia vumbi kama mgeni aliyekaribishwa.
Na mkono wangu, huko juu ulikokuwa,
ukakumbuka: mpera, uvungu wa kitanda,
pishi moja niliyoimwaga nina miaka sita.
Siku ile sikujifunza kitu kuhusu karafuu.
Nilijifunza hatua za baba,
mguu upi unaburuta, na mlango upi uko wazi.

Fimbo nikaichomeka ardhini.
Nikafunga kamba ya usumba kutoka hapo hadi mnazini,
nikapeleka pishi mbili kwa Bi Time, akapokea bila ya neno,
na sisi tukarudi kwenye neno letu.
Kamba. Kaa. Dagaa.
Kamba. Kaa. Hakuna dagaa leo, kaa hivyo hivyo.
Wiki tatu. Nikakonda. Yeye hakukonda.

Jana jogoo lilirudi.
Lilipanda jamvi la pili, likaanza kuchakura.
Kidonge akatoka kama risasi, akafika kwenye kamba,
mwili mzima unadunda, akageuka kunitazama.
Nami nilikuwa na muhogo mdomoni.
Neno halikutoka.

Akakaa.
Anatetemeka, analia kwa ndani, lakini amekaa,
na jogoo linachakura, karafuu zinaruka.

Bi Time alitoka na ungo wake.
Akatazama jogoo, akatazama kamba,
akanitazama mimi, ambaye nilishaanza kujisifu moyoni.

"Haya," akasema. "Na hilo, sasa, atalifukuza nani?"